Kununua nyumba Barbados kwa michango ya ndugu: tutamiliki nini hasa?

Mkazi wa Ipagala

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Dodoma. Dada yetu mkubwa ni muuguzi nchini Uingereza, na mume wake ni mzaliwa wa Barbados. Wanakusudia kuhamia huko wakistaafu, na sasa ametuomba sisi wadogo zake tuchangie ununuzi wa nyumba katika wilaya (huko huitwa parokia) ya Saint Philip, ipangishwe hadi watakapohamia na iwe mali ya familia. Hapa kwetu nimezoea kwamba kiwanja kikishapimwa mtu hupewa hati ya miaka 99, na kwamba mgeni hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Naomba kufahamishwa iwapo sheria za kisiwa hicho zinamruhusu Mtanzania kumiliki, na gharama zake ni zipi. Jambo la pili linanisumbua zaidi: ardhi ile ililimwa miwa na watumwa waliotolewa katika bara letu, na nisingependa tuishike mahali ambapo wajukuu wao wanaikosa.

Wakili wa Area D

Ndugu, sheria za Barbados hazimzuii mgeni kununua ardhi, wala hazimtaki awe mwekezaji kwanza. Umiliki wa huko kwa kawaida ni wa kudumu, usio na ukomo wa miaka, aina ile ile ambayo wakoloni waliiacha Tanganyika na ambayo Serikali yetu iliifuta mwaka 1963 kwa kuigeuza kuwa pango la miaka 99. Sharti linalomhusu mgeni ni la fedha: ununuzi hupitia udhibiti wa fedha za kigeni, na fedha mnazoingiza husajiliwa katika Benki Kuu ya Barbados. Msiupuuze usajili huo, kwa sababu siku mkiuza ndio utakaowawezesha kuzitoa fedha zenu kisiwani. Kodi ya uhamisho ya asilimia 2.5 na ushuru wa stempu wa asilimia 1 hulipwa na muuzaji. Ninyi mtamlipa wakili wenu, na juu ya ada yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 17.5, kisha kodi ya ardhi kila mwaka. Wakili huyo asiwe yule yule wa muuzaji. Kwa upande wa hapa nyumbani, fedha za kigeni zinasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya sheria ya mwaka 1992, hivyo kila aliyeko Dodoma aulize benki yake kabla ya kumwahidi dada kiasi chochote.

Mwalimu wa Kondoa

Nafundisha historia, na swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike. Waingereza walianza makazi Barbados mwaka 1627. Katika miaka ya 1640 wakageukia miwa na kuleta Waafrika kwa maelfu, hasa kutoka Afrika Magharibi. Utumwa ulipofutwa, Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa katika makoloni yake, na watumwa wenyewe hawakupewa chochote. Walioachwa huru kabisa mwaka 1838 walibaki kama wapangaji kwenye viwanja vya mashamba yale yale, na kwa kuwa wangeweza kufukuzwa, walijenga nyumba ndogo za mbao zilizokaa juu ya mawe, ambazo zingeweza kubomolewa vipande vipande na kusimamishwa kwingine. Haikuwa hadi mwaka 1980 ndipo sheria ilipowapa wapangaji wa mashamba hayo haki ya kununua ardhi iliyo chini ya nyumba zao, kwa senti 10 za Barbados kwa futi moja ya mraba.

Hapo ndipo historia inapogusa mfuko wenu, kwa maana nyumba inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Mkionyeshwa nyumba ya mbao ya bei nafuu, ulizeni kwa maandishi kama kiwanja kimo katika mauzo, na kama yupo mpangaji mwenye haki ya kukinunua. Akiwapo, kiacheni.

Uchungu huo bado ni mbichi. Shamba la Drax Hall limekuwa mikononi mwa ukoo mmoja wa Kiingereza tangu karne ya 17, na Serikali ilipopanga kununua takriban hekta 21 za shamba hilo ili kuwajengea wananchi nyumba, watu wengi walipinga ukoo huo kulipwa, hadi Waziri Mkuu Mia Mottley akausitisha mpango huo mwaka 2024. Kwa maoni yangu, familia inayonunua nyumba moja kwa muuzaji aliyeridhika, tena ikiwa na mkwe aliyezaliwa huko, haimdhulumu mtu. Hata hivyo, mwombeni shemeji yenu awaulize wazee wake kiwanja hicho kilikuwa cha nani.

Mama wa Nzuguni

Mwanangu, hujaeleza majina ya nani yataandikwa kwenye hati, na mimi nimeona ndugu wakifikishana mahakamani kwa jambo hilo hilo. Sheria ya ardhi ya Barbados ina asili ya Kiingereza, na inatambua umiliki wa pamoja wa namna mbili: katika mmoja, mwenzenu akifariki sehemu yake huwaangukia waliobaki, katika mwingine, kila mmoja ana fungu lake ambalo watoto wake hulirithi. Kama mnachangia viwango tofauti, ombeni wa pili na mafungu yaandikwe. Tena msisahau bima ya upepo: kimbunga Elsa kiliezua mapaa mengi kisiwani humo mwezi Julai 2021, kwa hiyo paa likaguliwe na fundi wenu kabla hamjalipa.