Aliyezama Nyali hapumui: tuanze na nini?

kijana_wa_pwani: Assalaam alaykum wadau. Mtu akitolewa majini hapumui, wengi humbinya tumbo maji yatoke. Ni sawa?

Mkufunzi: Waalaykum salaam. La, ndugu yangu, tumbo liacheni! Chakula hupanda kikaingia mapafuni. Aliyezama amekosa hewa kwanza, basi anza na pumzi 5: inua kidevu, bana pua, puliza sekunde 1 hadi kifua kiinuke. Kisha kandamiza katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukikandamiza mara 30, mpe pumzi 2. Mwenzako apige 999 au 112. Povu likizidi mdomoni, usipoteze muda kulifuta, puliza tu.

muuguzi_likoni: Naongeza: mchanga mkavu hudidimia, nguvu yote ikaishia chini ya mgongo. Msogezeni penye mchanga mgumu. Kila ukikandamiza, achia kifua kirudi juu kabisa, la sivyo moyo haujai damu. Pokezaneni kila dakika 2.

Mkufunzi: Na akikoroma mara moja moja, huko si kupumua, endeleeni. Mashine ya kushtua moyo ikifika, kausheni kifua kwanza; vibandiko vyake havishiki penye maji.