Kutoka Ziwa Victoria kwenda mto wa maji ya barafu: nijiandaeje?

KasiaBwiru:
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Mwanza, napiga kasia kayaki ndefu ya ziwani, mita 4.5, Bwiru hadi Saanane na kurudi. Mwakani mwezi wa nane kuna kundi linashuka mto Zanskar kule Ladakh, India, siku kadhaa za rafti (mashua za kujazwa upepo) na kayaki chache. Nikipinduka naweza kujiinua bila kutoka, ila upande wa kulia tu. Mawimbi ya ziwa yanatosha kama mazoezi? Na kimo je?

MajiMeupe:
Hayatoshi mkuu, hata siku ziwa likichafuka. Wimbi la ziwa linasafiri, maji yenyewe yanabaki palepale. Mtoni ni kinyume: wimbi limesimama, maji ndiyo yanakimbia chini yako. Ndiyo maana mtu wa ziwa hupinduka pale anapotoka kwenye edi (maji yaliyotulia nyuma ya jiwe) kuingia mkondoni. Anakaa wima kama kawaida yake, mkondo unashika ubavu wa kayaki, kwisha. Inua ubavu unaotazama maji yanakotoka, egemea yanakoelekea, kasia likiwa tayari upande huohuo. Rudia mpaka ufanye bila kufikiri.

Pa kufanyia mazoezi hayo ni Jinja, Uganda, kwenye mto Nile. Panda meli hadi Bukoba, basi kupitia Mutukula hadi Kampala, Jinja iko mbele kidogo. Mabwawa ya Bujagali (2012) na Isimba (2019) yamemeza maporomoko mengi, lakini kipande kilichobaki katikati kinafundisha vizuri. Ulizia kwanza maji yatafunguliwa lini, maana yanafuata mahitaji ya umeme. Maporomoko ya Itanda yatazame ukiwa ukingoni.

Ila Jinja isikudanganye. Nile kule ni ya vuguvugu, ina maji mengi na kina kirefu: ukipinduka unatulia chini, unajiinua, mara nyingi hujagonga kitu. Mto wa mlimani una mawe. Jiwe likiwa kulia na wewe unajua kulia tu, utatoka na kuogelea. Jifunze kushoto kabla ya kulipa nauli. Na kayaki yako ndefu iache nyumbani. Kule inatumika fupi, kama mita 2.5, pua imepinda juu isichomeke kwenye mawe, na mifuko ya hewa ndani ili ikijaa maji isizame.

Nesi_wa_Kimo:
Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Leh, mnakotua, ni kama mita 3,500, na hewa ya huko ni takribani asilimia 65 ya ile ya pwani. Ndege ya Delhi inakupandisha kwa saa moja na nusu hivi, mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Siku mbili za kwanza ni kutembea polepole, kunywa maji, kuacha pombe na dawa za usingizi. Acetazolamide miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia wengi, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Inakojoza sana, ukiwa umejifungia ndani ya suti isiyopitisha maji, hilo si jambo dogo.

Kichwa kikiuma siku ya kuingia mtoni, usiingie. Kwingine mgonjwa anateremshwa; ndani ya korongo la Zanskar kuta zimesimama pande zote mbili, hakuna pa kumteremshia. Kuhema ukiwa umelala, kikohozi kisichoisha, kuyumba kama mlevi: hizo ni dalili za mapafu au ubongo, na hazisubiri asubuhi.

Baridi nayo: ukianguka, dakika ya kwanza utatweta bila hiari, kazi yako ni kutuliza pumzi tu. Baada ya hapo una kama dakika kumi vidole vikishika kamba. Lala chali, miguu mbele, ncha za vidole zionekane juu ya maji. Usisimame kwenye mkondo unaovuka magoti: mguu ukinasa kati ya mawe, maji yanakulaza kifudifudi.

FundiRafti:
Niongeze la mto wenyewe. Zanskar unalishwa na barafu na theluji, kwa hiyo unafuata jua. Asubuhi uko chini, alasiri unapanda, na kadiri chanzo kilivyo mbali ndivyo kilele kinavyochelewa, pengine usiku mmelala. Mkifika kambini chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapoishia. Hema liwe juu, rafti zivutwe na kufungwa kwenye jiwe lisilosogea. Na sehemu ngumu mzipite asubuhi.

Upepo wa rafti: mirija kama psi 2.5 (kipimo cha presha). Ukiijaza juani halafu ukaitia kwenye maji ya barafu, inalegea, kwa hiyo ongeza ikiwa tayari mtoni. Mchana mkiivuta kwenye mawe ya moto, punguza. Wengi husahau hilo la pili, na kinachopasuka ni ukuta wa ndani unaotenga vyumba vya hewa, ambao huwezi kuuziba na kiraka cha nje.

KasiaBwiru:
Shukrani sana. Naweza kubeba simu ya setilaiti? Na maharage, maana chakula cha kule sikijui.

FundiRafti:
Simu usibebe bila kibali, India inakamata wageni uwanja wa ndege kwa hilo, hata vile vifaa vidogo vya kutuma ujumbe. Wenyeji wa safari ndio waulizwe wana nini. Maharage acha: kimo hicho maji yanachemka kwenye digrii 88 hivi, utamaliza gesi yakiwa bado magumu. Beba dengu nyekundu zilizokobolewa. Na maji ya kunywa yatulie kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kuchuja, yana unga wa mawe unaoziba chujio mapema.

MajiMeupe:
Kamba ya kumrushia aliyeanguka majini, mita 15 hadi 20, nunua ya kwako. Na kisu, kwenye jaketi la kuokolea, si mfukoni.