Ulinganisho: "Afisa Masoko" wa kamisheni, DSA wa benki au van sales?

Dogo_Tegeta: Wakuu habari za jioni. Nina digrii ya masoko na nafasi tatu mkononi, natakiwa kujibu Ijumaa. "Afisa Masoko" kampuni moja Mikocheni, DSA wa benki (wakala wa kuwauzia watu akaunti na mikopo), na van sales (kuuza madukani ukizunguka na gari) kwa msambazaji wa soda. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Route: Mdogo wangu, hujasema lolote la maana. Mshahara wa msingi wa kila moja? Nauli analipa nani? Hao wa Mikocheni wanauza nini, na usaili mliitwa kundi au mmoja mmoja?

Dogo_Tegeta: Shikamoo kaka. Mikocheni tuliitwa kundi, dakika chache kila mtu. Msingi hakuna, ila ndani ya mwaka nakuwa meneja. Bidhaa hawajataja. Kesho ni siku ya kuangalia kazi, wamesema nivae viatu vya kutembelea.

Mama_Kampeni: Hivyo viatu vimeshajibu. Hiyo ni kutembeza bidhaa mlango kwa mlango, cheo kimepambwa tu. Asubuhi kuna kikao cha kuhamasishana, makofi na nyimbo, halafu unakabidhiwa kwa mzoefu mnazunguka Kariakoo au maofisi ya Posta hadi jioni. Ukirudi unaulizwa maswali mepesi, unaambiwa umefaulu. Siku hiyo hailipwi. Kesho yake unasainishwa mzigo, na kikipotea au kuvunjika kitu ni juu yako. Piga hesabu: bidhaa ya 25,000 kwa kamisheni ya 10% inakupa 2,500. Nauli na chakula vikila 7,000, bidhaa tatu za kwanza umeuza ili urudi nyumbani tu. Umeneja wenyewe ni kuleta vijana wengine na kula asilimia ya mauzo yao, ndiyo maana tangazo lao halishuki mwaka mzima.

Kwenye usaili wowote wa masoko uliza: bajeti ya matangazo anaishika nani? Ripoti ya mwezi wa kwanza itapima nini? Wakijibu "idadi ya wateja uliofunga", yaani waliokubali kununua, hayo ni mauzo.

Kijana_wa_Tawi: Lakini mauzo si aibu, dada. Maafisa masoko wengi wazuri wameanzia barabarani.

Mama_Kampeni: Sijasema ni aibu. Waandike "muuzaji" kwenye tangazo, mtu aamue akijua.

Kijana_wa_Tawi: Hapo sawa. DSA chukua kama kuna posho ya kila mwezi. Uliza kamisheni inaiva lini: mkopo mara nyingi hulipwa ukishatoka, fomu peke yake haihesabiki. Akaunti nayo mpaka mteja aweke hela. Mteja akikwama kwenye taarifa za mikopo, jasho lako limekwenda.

Bi_Mkataba: Dogo, umeona karatasi yoyote? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali, saa na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Wakisema wewe ni "wakala huru", soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi: wakikupangia saa na namna ya kufanya kazi, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) nayo uulize, michango ni 20% ya mshahara na wewe hukatwi zaidi ya 10%.

Mzee_wa_Route: Hiyo ya kifungu cha 61 ni ya kwenda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi), Bi Mkataba. Dogo anataka kula mwezi huu.

Bi_Mkataba: Ndiyo maana anauliza kabla ya kusaini.

Mzee_wa_Route: Haya. Van sales ina msingi mara nyingi, ila ogopa shoti. Jioni fedha, soda zilizobaki, kreti tupu na madeni ya maduka vinajumlishwa, na pengo linakatwa kwako. Hesabu kreti mwenyewe kabla gari halijatoka getini, na duka likikopa lisaini.

Dogo_Tegeta: Van sales msingi upo, mkataba bado. Dereva naye anabeba shoti au mimi peke yangu?

Mzee_wa_Route: Inategemea nani amesaini karatasi ya mzigo. Ni gari la msambazaji au la kukodi?