NYUMBA KUU YA KUZE: Watoto Bamburi Jumamosi

JUMATATU

Zuhra 07:48
Asalaam alaykum. Jumamosi hii twawapeleka watoto Bamburi, pale ufuo wa Pirates. Skuli zimefungwa, wamekaa na simu mpaka macho mekundu. Gari laondoka Makadara saa tatu asubuhi. Kila nyumba 500. Nani na nani waja?

Zuhra 09:30
Mwaona wala hamujibu.

Fauz 09:41
Chakula gani kwanza?

Zuhra 09:42
Fauz, wewe huna hata mtoto.

Fauz 09:42
Mimi mwenyewe mtoto wa Bi Mkubwa 😂

Hafswa 09:50
Mahamri na mbaazi naleta mimi in shaa Allah. Viazi karai atafutwe mwengine.

Mwanakombo 12:15
Zuhra, huu ni mwezi wa nane. Kusi yavuma mpaka madirisha yapiga kelele usiku. Abuu ana kifua. Kwa nini tusingoje kaskazi, bahari ikiwa kimya na maji moto?

Zuhra 12:20
Kaskazi mpaka Disemba, na watoto wako nyumbani sasa hivi. Tena maji si baridi hivyo. Nimeangalia: Agosti ni digrii 25 hivi, Machi na Aprili 29. Tofauti digrii 4 tu, ndiyo watoto wafungiwe ndani?

Fauz 12:23
25 ni chai iliyosahauliwa mezani

Rukia Toronto 16:20
Nyinyi 25 mwaiita baridi?? Huku Ziwa Ontario mwezi wa Juni ukitia mguu mfupa wauma. Agosti ndipo laingilika, 20 na kidogo, na hata hapo si la kuamini. Upepo ukikaa vibaya siku mbili wayasukuma maji ya juu yenye joto mbali na ufuo, ya chini yapanda. Jana watu wameoga, leo hakuna atiaye kidole, na jua liko vile vile.

Fauz 16:22
Basi rudi nyumbani uoge 25

Rukia Toronto 16:23
Nauli tuma wewe

Fauz 16:23
Nauli muulize Zuhra, ndiye mwenye kikapu

Rukia Toronto 16:24
😂😂😂

Zuhra 17:02
Nauli baadaye. Aliyelipa mpaka sasa ni Hafswa peke yake, tena kwa pesa za mamake. Ami Salim? Mama Swaleh? Nyumba ya Kibokoni?

Mwanakombo 19:40
Rukia, maji ni jambo moja, upepo ni jambo jingine. Mtoto akiwa ndani ya maji hajui. Akitoka amerowa, kusi yampiga mgongoni, ndipo utaona midomo yageuka rangi, meno yagongana, hata kifungo cha shati hawezi kukishika. Na mwembamba kama Abuu joto lamtoka upesi kuliko mtu mzima. Hayo kwenye digrii za simu hayaandikwi.

Zuhra 19:46
Twabeba taulo mbili kwa kila mtoto na chai ya tangawizi. Wataingia robo saa, watatoka, watakauka, ndipo waingie tena. Mwanakombo nakuomba usiivunje safari. Gari nimelitolea arubuni 3000 na hairudi.

Mwanakombo 19:49
Arubuni umeitoa kabla ya kutuuliza. Kama siku ile ufuoni Shelly.

Zuhra 19:50
Ya Shelly yaingiaje hapa?

Mwanakombo 19:52
Yaingia. Niliuliza Abuu yuko wapi nikaambiwa "yuko na wenzake". Wenzake walikuwa wanakula mabuyu.

Ami Salim 20:11
Jamani.

Mwanakombo 20:13
Ujumbe huu umefutwa

Zuhra 20:14
Nimeusoma kabla hujaufuta.

Fauz 20:14
Mimi sikuuona, ulisemaje?

Ami Salim 20:15
Fauz!

JUMANNE

Hafswa 06:55
Nimemsomea Babu kikundi chote baada ya alfajiri. Ameniambia niandike kama asemavyo, nisipunguze:

"Zuhra mwanangu, Jumamosi ni mwezi 16 wa kuandama. Ni bamvua, maji hupwa mno na hujaa mno. Saa nne na nusu asubuhi maji yatakuwa yamepwa, gari lako likifika utaikuta bahari kule mbali, mawe yako nje. Watoto wataliona fungu la mchanga mbele, wataliendea mbio. Maji yakigeuka hayawaji kwa mbele. Yaingia kwanza kwenye mikondo nyuma yao, pale pale walipopita na maji ya kifundo. Mtoto acheza mchangani kumbe njia ya kurudi imeshakuwa ya kina. Nimeona watu wazima wakichukuliwa hivyo, mabaharia, tena siku ya jua zuri.

Abuu siku ya Shelly hakuponzwa na baridi. Nilikuwapo. Sitaki kusikia tena mmoja wenu akimtupia mwenzake siku ile.

Jumamosi ya pili ni mwezi 23, maji mafu. Hapo hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu, na saa tano asubuhi hivi yatakuwa yamejaa. Kusi asubuhi huwa mpole, adhuhuri ndipo hukaza. Ingieni mapema, adhuhuri watoto wawe nje wamevaa nguo kavu. Maji yasipite kiuno cha mdogo wao kabisa, na kila mtoto awe na mtu mmoja anayemtazama, asiyeshika simu wala sahani. Anayetaka maji moto na bahari iliyolala, angoje matlai, mwezi wa kumi na moja."

Ami Salim 09:10
Babu ameshasema.

Mwanakombo 09:31
Ahsante Babu. Mungu akuweke.

Fauz 09:40
Sawa Babu

Rukia Toronto 16:05
Nimesoma mara mbili. Babu apewe simu yake mwenyewe.

Zuhra 17:30
Nimekusikia Babu, na neno lako liko juu. Lakini nimezungumza na dereva. Jumamosi ya pili gari lake lina harusi Kikambala, na arubuni yangu asema hairudishi wala haisogezi.

Ami Salim 17:44
Nipe nambari yake nizungumze naye.

Mwanakombo 17:50
Ikiwa ni mwezi 23 Abuu yuwaja. Ila mimi mwenyewe ndiye nitakayemtazama.

Zuhra 17:58
Mtazame. Na umletee sweta.

Mwanakombo 17:59
Nitaleta. Na viazi karai nitaleta mimi.

Ami Salim 19:20
Dereva hashiki simu. Nitajaribu kesho baada ya adhuhuri. Akikataa, wenye magari waseme, mimi nabeba wanne.

Fauz 19:22
Watano wakiwa wembamba

Zuhra 19:25
Wanaokuja Jumamosi YA PILI waandike majina na idadi ya watoto, na kila mtoto jina la mtu wake wa kumtazama kama alivyosema Babu.
1. Zuhra, watoto 3 (nataka mtu wa pili na wa tatu)
2. Mwanakombo, Abuu
3.

Hafswa 19:31
3. Hafswa, namtazama mmoja wa Zuhra

Mama Swaleh 22:40
Asalaam alaykum, sikuwa na bando. Nimetuma 500. Hii Jumamosi saa tatu Makadara, sivyo?

Zuhra 22:41
Soma juu, Mama Swaleh.