"Kwani ulinunua gari au ulinunua TV?" Wakuu leo nimedhalilishwa

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka naandika kwa kidole kimoja. Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa "gari gani ndogo ya juu inafaa familia", huu ni wa kulia tu.

Yule jamaa wa yadi mnamjua. Simtaji, na hakuna haja. Yule anayekuita "bosi wangu" mpaka hela isome, ikishasoma unakuwa "we jamaa".

Siku nanunua hii Toyota C-HR alinihubiria hadi mate yakamkauka. Ina kamera, ina rada, ikiona mtu mbele inashika breki yenyewe, ukihama mstari inapiga kelele, skrini ina ramani, ina Bluetooth, ina kamera ya nyuma, kilichobaki ni kukuogeshea watoto. Pembeni kulikuwa na Forester na Vezel, nikauliza hizo je? Akasema achana nazo, teknolojia yote imeishia hapa. Nikalipa.

Skrini imeganda kwenye Kijapani tangu betri ilipotolewa hapo hapo yadini kwake. Redio kimya. Kamera ya nyuma giza, narudi nyuma kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Kwenye dashibodi kuna taa ya njano haizimiki. Leo nikapita pale kistaarabu kabisa, mama mkwe kakaa nyuma nampeleka Stendi ya Magufuli akapande basi la Moshi. Nikasema bosi, skrini haifanyi kazi.

Akaniangalia kuanzia kiatu. Mbele ya vijana wa kuosha magari, mbele ya mama wa mihogo. Akasema: "Kwani we jamaa ulinunua gari au ulinunua TV?"

Mama mkwe akacheka.

Wakuu, yule mama hachekagi. Siku ya mahari hakucheka. Kwenye harusi mshereheshaji alimtupia vichekesho mpaka akakata tamaa akaomba maji. Leo kacheka mpaka kafuta machozi kwa ncha ya kanga. Njia nzima mpaka Mbezi kila tukisimama foleni namsikia huko nyuma, "...au ulinunua TV," halafu anaanza upya.

Nawasilisha.

Kinyozi wa Tabata: Uzi bila picha ya mama mkwe akicheka ni chai.

Mama Ntilie Digitali: Nimevuta kigoda. Kwani jibu ulimpa gani? Maana swali lilikuwa rahisi mkuu, ulinunua gari au ulinunua TV? 😂

Mleta uzi: Nilikosa la kusema. Nilishika usukani tu.

Mzee wa Grisi: Punguza jazba. Redio nyingi za Kijapani ramani yake inakaa kwenye kadi ya SD, na bila hiyo kadi haifungui kitu. Hayo maandishi huenda yanakuomba kadi. Inamisha skrini, chungulia tundu la kadi. Kuna kitu?

Mleta uzi: Nimeinamisha. Tundu liko wazi linanitazama.

Mzee wa Grisi: Basi kadi yako inaonyesha ramani ya Osaka kwenye gari la mtu mwingine. Pole. Achana nayo, funga redio ya Android, na hakikisha fundi anaunganisha waya wa kamera ya nyuma, wengi wanausahau makusudi ili urudi.

Chuma cha Subaru: Ndiyo maana tunawaambia nunueni Forester hamsikii. EyeSight, mfumo wa usalama wa Subaru, ni kamera mbili juu ya kioo cha mbele, zinapima umbali kama macho ya binadamu. Wajapani wanayo tangu 2008. Nyie wa Toyota mmeanza kuisikia Safety Sense, mfumo wenu wa aina hiyo, 2015.

Kinyozi wa Tabata: Wa Subaru kafika. Uzi ungekuwa wa kuku wa kienyeji angefika.

Dada wa CX-5: Macho mawili sawa, ila huo mfumo ulisukwa kwa barabara zenye mistari. Huku mistari inapakwa kiongozi akija. Mimi ninachopenda kwenye Mazda ni lile duara la kuzungusha karibu na gia, gari likitembea skrini haishikiki, unazungusha tu bila kuhamisha macho. Wazungu nao wamegundua: kuanzia 2026 Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, inakata alama gari ambalo indiketa, waipa, honi na taa za hatari zimefichwa kwenye skrini.

Mleta uzi: Hayo yote mazuri dada, ila mtu ananiuliza mbele ya MKWE kama nilinunua gari au TV. Mbele ya mkwe!

Mzee wa Grisi: Hiyo taa ya njano nayo inanisumbua. C-HR inatumia rada nyuma ya nembo ya mbele, pamoja na kamera moja kwenye kioo cha mbele, pale panapokaa kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Kuna kitu kimebandikwa hapo? Stika ya bima, ya Nenda kwa Usalama?

Mleta uzi: Ngoja nishuke.

Mleta uzi: Wakuu.

Mleta uzi: Ni stika ya yadi yake. Ina namba yake ya simu na maneno "Tunajali Usalama Wako". Imekaa katikati ya jicho la kamera.

Mama Ntilie Digitali: 😂😂😂 Nimeangusha sufuria

Kinyozi wa Tabata: Jamaa kaifumba gari macho kwa tangazo. Huyo siyo dalali, ni mchawi.

Mwana wa Bombo: Afadhali wewe stika. Mimi kuna fundi kanifungia ngao ya chuma mbele, kumbe kaiziba rada. Gari likawa linashika breki peke yake mbele ya kila bodaboda, siku moja Mwenge nusura konda wa daladala aingie kwenye buti langu. Namrudia fundi ananiambia "zoea".

Chuma cha Subaru: EyeSight haitegemei rada mbele, ngao isingesumbua.

Dada wa CX-5: Ila jiwe likipasua kioo hapo kwenye kamera ukabadilisha kwa fundi wa chini ya mwembe, zisipopimwa upya hayo macho yako mawili ni mapambo.

Chuma cha Subaru: Sitojibu chuki.

Abiria Mkorofi: Naomba kuuliza nje ya mada. Yule dada wa Kijapani anayeongea kila nikiwasha gari huwa anasemaje?

Mzee wa Grisi: Anakwambia hujachomeka kadi ya kulipia tozo za barabara kuu za Japani.

Abiria Mkorofi: Miaka yote hii namwitikia "amina".

Otieno wa Nakuru: Nyinyi mna bahati mnalia stika. Huku Kenya gari likizidi miaka minane halivuki bandari, kwa hiyo tunanunua jipya jipya kwa bei ya shamba.

Mwana wa Bombo: Bahati gani? Sisi Tanzania linavuka ila unalipia ushuru wa uchakavu. Miaka minane asilimia 15, kumi kwenda juu asilimia 30. Gari unalipia kuzeeka kwake kama vile wewe ndiye uliyelizeesha.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Nimchukulie hatua gani huyu mtu?

Kinyozi wa Tabata: Kuhusu uchakavu, kuna jamaa yangu alilipa ushuru ukazidi bei ya gari lenyewe, naye kimya, anaendesha usiku tu ili aonekane hana deni.

Otieno wa Nakuru: Na mafuta je? Huko lita sasa ni ngapi?

Chuma cha Subaru: Usimuulize mwenye Forester swali hilo.

Abiria Mkorofi: Kuna mwenye taa za nyuma za Vanguard? Zangu zimenyofolewa jana usiku Sinza.

Mwana wa Bombo: Wahi Gerezani kwenye maduka ya spea asubuhi, kabla hawajafuta namba uliyochonga kwenye taa.