Naomba ushauri: uhadhiri umenishinda, niache kazi?

Chaki Nyeupe: Wakuu, habari za jioni. Ni mhadhiri msaidizi, chuo kimoja hapa Mtwara, mwaka wa saba huu. Mshahara unaingia kwa wakati. Lakini nikikaribia geti asubuhi, tumbo linanikata. Somo la isimujamii (lugha na jamii) nililolijenga mwenyewe kapewa mwingine, nimeona kwenye ratiba tu. Mimi nimetupiwa Stadi za Mawasiliano, wanafunzi 412. Ofisini tupo watano, meza mbili, salamu hakuna. Nimepata nafasi shirikani Dar. Niende?

Mkorosho: Mkuu, mshahara unaingia na bado unalia? Sisi Tandahimba tunasubiri mnada wa korosho ndipo tulipe ada. Vumilia.

Binti Mikindani: Tumbo hilo si uvivu. Deci na Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, walilieleza vizuri: mtu anahitaji kuwa na sauti katika anachofanya, aone anakiweza, na awe na wenzake. Wewe umenyang'anywa vyote. Mimi nilifundisha sekondari Newala miaka 11. Siku mkuu wa shule alipotuita tupange ratiba pamoja, kichwa cha Jumatatu kiliacha kuniuma. Mshahara ulikuwa uleule.

Ngalawa: Kama mwajiri ni binafsi, sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Umetoa? Na matokeo ya muhula umekabidhi?

Chaki Nyeupe: Matokeo hayahusiani na nilichouliza.

Ngalawa: Yanahusiana sana. Jibu.

Chaki Nyeupe: Skripti zote, karatasi za majibu ya mtihani, ziko kwangu Shangani, wiki ya saba. Sijagusa hata moja. Nikishika boksi mikono inakufa ganzi. Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, nitazirudisha zilivyo. Mimi nani alinijali?

Mama Watatu: Mwanangu, hao watoto wamekukosea nini? Wa kwangu yuko mwaka wa kwanza. Bila matokeo, mkopo wa mwaka unaofuata unakwama. Nauli ya kumrudisha chuo nakopa kwenye kikoba.

Kipanga: Hii hadithi ya kutunga. Chuo gani kinakaa wiki saba bila kudai matokeo? Huyu ni mwanafunzi wa uzamili anakusanya data za tasnifu, subirini dodoso.

Mkorosho: Na akaunti kaifungua jana!

Binti Mikindani: Anayeogopa kujulikana afungue lini?

Kipanga: Basi aweke picha ya maboksi.

Chaki Nyeupe: Wanadai kila siku, simu nimezima tangu Jumatatu. Na sipigi picha skripti za watu ili mniamini.

Ngalawa: Washa simu. Mwambie mkuu wa idara peke yako huwezi, atafute wa kugawana nawe skripti. Kuondoka utaondoka ukiwa umemaliza.

Chaki Nyeupe: Saa sita usiku. Nimefungua boksi moja, nimesahihisha tisa.

Mama Watatu: Na barua?

Chaki Nyeupe: Ipo kwenye begi.