Naomba ushauri: Je, lazima nipate nasaha kabla ya kupimwa jeni za saratani?

BintiLamu: Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mama yangu alifariki kwa saratani ya ovari, na sasa mama yangu mdogo anatibiwa saratani ya matiti. Daktari wa Mombasa ameniandikia kipimo cha damu cha jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, lakini anasisitiza nikae kwanza na mshauri nasaha. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili ni mzigo. Je, siwezi kupimwa moja kwa moja?

MzeeWaLangoni: Mwanangu, maradhi na ponya hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Shangazi yangu wa Matondoni aliugua titi, akapona, akalea wajukuu. Usijitafutie hofu.

MuuguziMalindi: Pole, dada. Majibu huja kwa namna tatu: kasoro yenye hatari imeonekana, haikuonekana, au yameonekana mabadiliko ambayo wataalamu bado hawajui maana yake, na hili la tatu ndilo huwakosesha watu usingizi wasipoandaliwa. Hata ukiwa na kasoro, hatari ya saratani ya matiti maishani huzidi asilimia 60, lakini hiyo si hukumu kwamba utaugua. Ni afadhali mama mdogo atangulie kupimwa, maana isipojulikana kasoro aliyo nayo mgonjwa, jibu lako likiwa safi halitakutuliza sana. Nani mwingine linamhusu jibu hilo?

BintiLamu: Fomu ina mstari unaouliza nani aambiwe majibu. Nimeuacha wazi. Naolewa baada ya Idi, na mchumba wangu ni mtoto wa mjomba, ndugu ya mama wa tumbo moja. Mahari imekwisha kupokelewa. Sitamwambia, kwa kuwa mwili ni wangu.

MtuWaShela: Saratani, harusi, binamu, vyote kwa pamoja! Nashuku uzi huu umetungwa na mtu aliyesoma habari za mwaka 2013 za Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani aliyetangaza kuwa ana kasoro ya BRCA1.

BintiLamu: Wallahi si hadithi. Ningetunga, nisingemweka mjomba wangu ndani yake.

MuuguziMalindi: Hata ungekuwa umetungwa, nyumba ngapi za Lamu zimeoana binamu? Wanaume nao hurithi kasoro hizi na kuwarithisha watoto wao. Nyote wawili mkiwa na kasoro ya BRCA2, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi zote mbili, na hiyo huleta anemia ya Fanconi, ugonjwa mzito wa uboho. Mwili ni wako, ndiyo, lakini mambo haya huzungumzwa kabla ya damu kutolewa. Omba kikao cha kwanza kwa simu, uokoe nauli.

BintiLamu: Naye akikubali, tunaweza kuingia wawili?

MuuguziMalindi: Mnaweza, ukitaka wewe. Usipotaka, mshauri hatamwambia neno bila idhini yako.